Kitabu cha Edmond Nyumbani mwa Syauswa

Mwaka ule wa vita, barabara ya kutoka Beni ilikuwa ya hatari, lakini kitabu cha Edmond kilifika Butembo. Edmond alikuwa mwimbaji mwenye jina kubwa. Katika kitabu hicho alieleza jinsi pombe kali ya kanyanga ilivyomtawala, na jinsi alivyoiacha.

Victoire alikisoma kila jioni, baada ya kuuza kabeji sokoni. Mume wake, Syauswa, alikuwa na hasira. Zamani alimpigia Edmond gitaa. Walilewa pamoja.

« Edmond, Edmond! » alifoka. « Ule mutu alikuwa mulevi kuliko mimi! Leo bibi yangu anamusifu? »

« Hapana kumusifu, » Victoire akajibu. « Niko natafuta njia ya kukusaidia. »

Wivu ulimchoma Syauswa. Edmond aliacha polepole, kama Victoire alivyomsimulia? Yeye angeacha kwa siku moja! Hakuuliza mtu. Hakusoma hata ukurasa mmoja. Alimwaga kanyanga yote nyuma ya nyumba.

Kesho yake mikono ilitetemeka, jasho likamtoka. Kisha akaanza kupiga kelele kwamba askari wamejaa chumbani. Chumbani hakukuwa na mtu ila Victoire. Victoire akakimbia kumwita jirani yao Agar, muuguzi.

« Hii hapana wazimu, » Agar alisema. « Mwili yake imezoea pombe ya kila siku. Akiikata mara moja, anaweza hata kufa. Kuacha, aache, lakini na dawa, kwa kituo cha afya. Tumupeleke sasa! »

Majirani wakambeba. Alitibiwa, akatulia. Edmond aliposikia, akaja kumwona. Syauswa akageukia ukuta.

« Ulikuja kunionyesha vile ulinishinda? »

« Sikukushinda. Hata mimi nilijaribu peke yangu, nikaanguka. Niliandika ile kitabu kusudi mwingine asifanye vile. » Edmond akamtazama Victoire, aliyekuwa akipoza uji. « Na wivu, ni mimi niko nayo. Wakati niliacha pombe, bibi yangu alikuwa amekwisha kwenda. Wako angali hapa. »

Syauswa akageuka kutoka ukutani. Akapokea uji.

Tangu hapo alikwenda kwa Agar kila juma, kuzungumza na wengine walioacha pombe. Siku zingine hamu ilimrudia. Hakuificha; alimwambia Victoire.

Asubuhi moja Kasonia, jirani yao, alibisha mlango. Alikuwa akitetemeka.

« Syauswa, nataka kuacha leo leo. »

« Ni muzuri, ndugu. Lakini hapana peke yako. Ngoja nivae viatu, tuende. »