Pistoni Zilizotoka Ziwani

Pistoni ya tatu ilikuwa imelowa tena.

Kalenga aliigeuza mkononi, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha mezani pamoja na zile tatu nyingine. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mwezi wa saba, wakati vumbi la mtaa wa Kataki linaingia mpaka ndani ya sufuria na mvua watu wameisahau. Akaenda kunywa maji, akarudi. Zile tatu kavu kabisa. Ya tatu katikati yao, matone yamejaa kichwani, kama mtu aliyetoka kuoga. Fundi mwenye akili angejiuliza. Kalenga alisema, "Baridi ya asubuhi," akaifuta tena. Baridi gani hiyo ya saa nne, hapa Kalemie?

Lakini tusimwonee. Alikuwa na haraka, na haraka humtoa mtu akili.

Kulikuwa na gari la Kiitaliano la viti viwili, rangi nyekundu iliyopauka, lililoachwa na daktari wa meno Mbelgiji mwaka wa sitini. Sasa lilikuwa la Papa Augustin, mwenye duka la vitenge karibu na stesheni. Serikali ilikuwa imewaambia watu waache majina ya ubatizo, naye Papa Augustin aliliacha lake kwenye karatasi, mdomoni mwa watu likabaki. Injini ilikuwa imekufa. Papa Augustin aliitaka ifufuke kabla ya tarehe ishirini na nne Novemba, sikukuu ya taifa, vijana wanaposhindana kwa magari kwenye barabara ya uwanja wa ndege.

"Kalenga, sitaki itembee tu," alimwambia. "Nataka ingurume mpaka watu wa Kabalo waulize ni nini."

Basi Kalenga akanunua daftari la shule, akaanza kupanga. Pistoni ziwe na kichwa kirefu zaidi, ili hewa na petroli vibanwe kwa nguvu. Kabureta ziwe mbili badala ya moja. Njia za hewa zisuguliwe mpaka zing'ae, na lile gurudumu zito la nyuma ya injini lichongwe lipungue uzito. Kabureta ya pili ilikuja na treni kutoka Lubumbashi. Pistoni je? Zaire ya mwaka ule wa sabini na nane, ukiagiza pistoni Ulaya, unaoa, unazaa, unaozesha, hazijafika. Akaamua kuzisubu mwenyewe, ayeyushe na kumimina kwenye mchanga. Shida ni moja: aluminiamu ya sufuria ni laini, inayeyuka injini ikichemka. Pistoni njema huzaliwa na pistoni nyingine.

Naye alijua pa kuzipata. Ng'ambo ya mdomo wa mto Lukuga, ufukweni, ililala mota ya mtumbwi mkubwa uliozama mwezi wa nne ukitoka Moba, na watu saba ndani. Ziwa lilikuwa limeitapika. Watu wa ufukweni wana desturi yao, hata padri haigombezi: chombo kilichokufa na watu kinafungwa kitambaa cheupe, kinaachwa palepale, mpaka ndugu za marehemu waje na unga mweupe, wataje majina yote, waliage ziwa. Kabla ya hapo hata mwizi hakigusi. Kalenga alikuwa mtu wa Nyunzu, mbali na ziwa, mtoto wa reli. Desturi ile alikuwa ameisikia, akaicheka. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Alikwenda na spana zake, akafungua kile kitambaa cheupe, akafutia mikono, akakitia mfukoni, akaibeba mota nyumbani.

Ndicho kitambaa alichokuwa akifutia ile pistoni.

Siku ya kusubu, binti yake Odile alichuchumaa pembeni. Alikuwa na miaka minne. Kabla yake Hélène, mke wa Kalenga, alikuwa amezika watatu, wote wachanga, na huyu mmoja wazazi wake walimlinda kama mboni ya jicho. Kalenga alimimina pistoni nne kwenye mchanga. Chini ya chungu kikabaki chuma kidogo.

"Papa, na miye?" Odile akauliza.

Kalenga akacheka, akakandamiza kijiko mchangani, akamimina yale mabaki kwenye alama yake. Zikatoka pistoni nne na kijiko kimoja. Pistoni alizipeleka kwa rafiki yake wa karakana ya reli, zikakerezwa, zikarudi zinang'aa. Kijiko kilikwenda jikoni.

Tangu hapo ile ya tatu ikaanza kulowa.

Siku alipofunga kichwa cha injini ilikuwa saa saba ya mchana, mtaa mzima umelala kwa joto. Alishika spana ndefu, akaanza kuzungusha injini kwa mkono, polepole, kama afanyavyo fundi anayeogopa valvu zisigonge pistoni. Mbili zikapanda, mbili zikashuka. Hewa ikapita kwenye midomo ya kabureta. Mmm. Akazungusha tena. Mmm, mmm. Kalenga akatabasamu, injini inavuta vizuri. Kisha akaacha kuzungusha, na sauti ikaendelea. Mmm, mmm, mmm, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni, na harufu ya tope la ziwa na ndakala, dagaa wa huku, waliooza ikajaa garaji.

Akatoka nje. Akasimama juani mpaka moyo ukatulia. Halafu, kwa sababu kiburi cha fundi ni ugonjwa usio na dawa, akarudi ndani kupima mbano wa silinda.

Akakaza kipimo kwenye tundu la buji, ile plagi ya cheche, ya silinda ya tatu. Mshale ukapita pale alipopaandika kwenye daftari, ukapita tena, ukatulia juu kabisa. Jamani, furaha! Hakuna fundi Kalemie, wala Lubumbashi, aliyewahi kupata mbano kama ule kwa pistoni za kusubu mchangani. Akakiacha kipimo palepale ili kesho amwonyeshe Papa Augustin. Lakini mbano wa silinda huvuja, hakuna ringi duniani inayoshika hewa mpaka kesho. Asubuhi mshale ulikuwa palepale. Siku ya pili ulikuwa umepanda.

Akafungua kipimo, na kutoka ndani ya silinda ile hewa iliyobanwa siku mbili ikatoka baridi, ndefu, bila haraka, kama mtu aliyezibwa pua chini ya maji na sasa amepata kupumua, na mwisho wa pumzi ile sauti ya mwanamke ikasema, polepole, "Odile."

Kalenga hakumwambia mtu. Atasema nini? Na tena, niseme kweli, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na mtu haivunji kazi yake nzuri kwa sababu ya neno moja. Alifunga mlango wa garaji kwa kufuli, akamkataza Odile kuingia.

Siku ya tatu, mchana uleule wa watu kulala, alikuta kufuli liko chini, mlango wazi, na mtoto amesimama juu ya ndoo, sikio lake limebanwa kwenye mdomo wa kabureta. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji.

"Odile! Unafanya nini?"

"Nasikiliza mama ya ndani," mtoto akasema. "Anasema nikuje. Anasema mugongo wake uko wazi."

Akamnyakua, akakimbia naye mpaka uani. Hélène aliacha sombe, majani yake ya muhogo, mekoni, akampokea, akagusa nywele, akanusa mikono yake.

"Papa Odile, haya ni maji ya ziwa. Mutoto amefika ziwani na nani?"

"Hakufika popote."

"Sasa juu ya nini ananuka ziwa?"

Kabla hajajibu, Odile akakohoa. Akakohoa tena, akainama, na kifuani mwake yakatoka maji, maji meusi ya kina, mengi kuliko kifua kidogo kile kingeweza kubeba, yakamwagika vumbini, na katikati yake kandakala kamoja kakirukaruka kakiwa hai. Hélène hakupiga kelele. Alimtazama mume wake tu, na kwa macho yale Kalenga angeona heri apigwe.

"Ulileta nini katika nyumba yangu?" alinong'ona. "Nimezika watatu. Huyu simuziki. Sema."

Akasema yote, mota, kitambaa, pistoni. Hélène akakaa chini.

"Mota ya Moba," alisema. "Papa Odile, sokoni kila muntu anajua. Mule kulikuwa mama mumoja na mutoto mugongoni. Mama walimupata. Kitenge kilikuwa kimefungwa vizuri, fundo lake palepale. Mutoto hakuwamo."

Saa ileile walikwenda kwa Mama Émérence, muuza ndakala wa karibu na daraja la Lukuga, ambaye asubuhi aliuza samaki na mchana alitoa watu mapepo, na kazi zote mbili alizifanya kwa ukali uleule. Alimpapasa Odile mgongoni, akamtazama Kalenga toka kichwa mpaka miguu.

"Yule mama marehemu amelala, musimusingizie," alisema. "Ndiyo jini ya maji iliyomumeza. Inavaa sauti yake. Ilichukua mutoto, haikushiba, sasa wewe umeifungulia kitambaa na kuipa nyumba ya chuma. Kiko wapi kile kitambaa?"

Kalenga akakitoa mfukoni, cheusi kwa grisi. Mama Émérence akasonya.

"Fundi mukubwa! Vunja ile injini. Chuma chote kirudi, hata vumbi la tupa. Kesho jua likitoka tukutane ufukweni. Na sikilizeni: jini hii haivunji mulango. Inapiga hodi. Siku saba, mukisikia hodi na hamuone muntu, musijibu. Ukijibu umeikaribisha, na iliyokaribishwa miye siitoi."

Kalenga aliivunja injini jioni ile. Ilikuwa kazi ya miezi miwili, aliivunja kwa masaa matatu, akilia bila aibu, na kila boliti aliyofungua ilitoa maji, na kila pistoni aliyoivuta iling'ang'ania ndani kama jino, na nyuma yake, kwenye silinda tupu, zile mmm, mmm, mmm zilipanda zikawa kilio, na alipoitoa ya nne kilio kikakatika. Akafagia sakafu. Akakusanya vipande vya mota, vumbi la tupa, mchanga wa kusubia, hata akarudi karakana ya reli kuzoa takataka zilizoanguka chini ya mashine. Vyote akavitia guniani.

Ufukweni Mama Émérence alimwaga unga mweupe majini, akataja majina saba, la mwisho la mtoto. Kile kitambaa Hélène alikuwa amekifua mpaka kikawa cheupe tena. Wakafunga nacho gunia.

"Fundi," Mama Émérence akauliza, "chuma chote kimo?"

"Chote, Mama."

"Hakuna kilichobaki garajini?"

"Hata chembe. Naapa."

Na ni kweli, garajini hakikubaki kitu. Wakalitupa gunia ziwani, likazama. Odile akapiga chafya, akasema ana njaa, na Hélène akamkumbatia palepale kwenye mchanga, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Papa Augustin alikasirika, akachukua gari lake akalivuta kwa kamba kwa fundi mwingine, Kalenga hakujali. Mtoto alikuwa anacheza. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Hodi haikupigwa.

Siku ya sita Hélène alikwenda sokoni. Mchana, watu wamelala, Kalenga alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka garajini, mahali pa gari pakiwa patupu, aliposikia. Mmm. Mmm, mmm. Akaruka. Akatazama kona zote, chini ya meza, ndani ya makopo ya boliti: kavu, kimya. Sauti haikutoka garajini. Ilitoka nyumbani.

Akavuka ua akikimbia, na harufu ya tope ikamlaki mlangoni, na ndani, sakafuni, katikati ya dimbwi lililokuwa likienea taratibu kuelekea miguu yake, Odile alikuwa amekaa mbele ya sahani ya uji, mgongo kwa mlango, nywele zimemgandamana shingoni, ameegemeza kitu kwenye sikio lake na kukisikiliza, na kile kitu kilikuwa kijiko, kijiko kile kile kidogo, alichomsubia baba yake kwa mabaki ya chungu, alicholia uji asubuhi na jioni siku zote hizo, huku baba akifagia vumbi la tupa garajini na kuapa. Mchuma janga hula na wa kwao, na huyu alikuwa amelisubu mwenyewe, akaliweka mkononi mwa mtoto wake.

"Odile," alisema. "Mwanangu, leta hapa. Leta kijiko kwa Papa."

Mtoto akageuka. Alikuwa anatabasamu.

"Papa, anasema pistoni zimefika. Anasema uliapa chote." Akakipeleka tena kijiko sikioni. "Anasema usijisumbue, kile kilichobaki atakifuata yeye."

Kalenga akanyoosha mkono. Hatua tatu tu zilikuwa kati yao.

Mlango wa mbele ukagongwa, taratibu, kwa adabu, na maji yakaanza kupita chini yake.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke.

Na Odile, mtoto aliyelelewa vizuri, aliyefundishwa na mama yake kwamba mgeni haachwi mlangoni, akajibu kabla baba yake hajamziba mdomo:

"Karibu, Mama."