Leta Yako Nikushikie

"Madam amekataa," Onesmus alisema kwenye simu. "Nimembembeleza mpaka nimechoka. Hatoi."

Damaris alikuwa jikoni kwa mwajiri wake, mtaa wa Mirdif, Dubai, anamenya vitunguu, simu ameibana kati ya bega na sikio. Akaacha kumenya.

"Onesmus, kesho ndio siku ya mwisho ya kujiandikisha kupiga kura. Bila pasipoti hawaniandikishi."

"Najua, babe. Lakini usimguse huyo mama. Ukimuuliza wewe, atakurudisha kwa ajenti aliyekuleta. Wacha mimi ni-handle."

"Ume-handle tangu kabla ya Ramadhani."

"Kwani huniamini? Halafu ile sindano ya kupanga uzazi, uliachana nayo?"

"Mwili ni wangu."

"Mwili ni wako, lakini mtoto ni wetu."

"Mtoto gani? Hakuna mtoto."

"Si ndio hiyo shida sasa."

Simu ikakatika. Damaris akafuta machozi kwa mkono wenye kitunguu, akazidi kulia. Kwake pasipoti ile, ambayo madam aliichukua siku alipofika kazini, ilikuwa kura, na ilikuwa pia njia ya kurudi kwa mama yake Kakamega mkataba ukiisha Disemba. Sasa alijiona amefungiwa pande zote, huku kuna madam, kule kuna mpenzi anayehesabu sindano zake.

Na mpenzi mwenyewe si mtu wa mchezo. Mchana ni askari wa ghala huko Jebel Ali, jioni ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la Wakenya linaloitwa Maswali Matatu. Kila anayetaka kiti cha kaunti nyumbani, kundi linamtumia maswali hayo. Je, kila raia atafikiwa ajiandikishe? Je, mwanamke ataamua mwenyewe azae lini? Je, mke na mume watakuwa sawa ndani ya ndoa? Jumapili baada ya ibada Onesmus alikuwa akiyasoma kwa sauti nzito, na kina dada wanayeyuka. Damaris aliyeyuka kuliko wote, mwacheni tu.

Jioni hiyo simu ikalia. Ujumbe wa Onesmus kwenye kundi:

"Dada yangu, usikubali MTU YEYOTE akushikie pasipoti. Uhuru wako uko mkononi mwako. Kesho tujitokeze."

Damaris akausoma mara mbili. Akavua aproni, akaenda sebuleni. Bi Zuwena, madam wake, alikuwa anakunywa kahawa. Ni mama wa familia ya Unguja iliyohamia Dubai zamani, na Kiunguja chake hakijamtoka.

"Madam, samahani. Naomba pasipoti yangu. Kesho ni day off yangu, nataka kwenda kujiandikisha kupiga kura. Nitairudisha kama unataka."

Bi Zuwena akaweka kikombe chini.

"We Damaris, una nini leo? Pasipoti yako mimi sinayo. Nishampa bwana ako."

"Bwana gani, madam?"

"Huyo huyo uliyenambia utamtuma aje akusemee. Kaja hapa getini kabla ya Ramadhani, wewe umekwenda na watoto bustanini. Kanisalimia kwa adabu, kanambia mnakwenda kuandikisha ndoa. Nikampa, nikakuombea na dua. Nikadhani keshakupa."

Damaris akashika mgongo wa kiti. Alimtuma mwanamume akamsemee kwa sababu aliogopa kusema mwenyewe, na mwanamume akasema ya kwake.

Hakumpigia Onesmus simu. Kesho yake Nasifu, dereva Mganda wa nyumba ile, akampeleka hadi ukumbi wa kujiandikisha. Foleni ilifika nje. Mlangoni alikuwa Onesmus, fulana ya kundi imempendeza, anaelekeza watu.

"Damaris? Umekuja kufanya nini bila pasipoti?"

"Nimekuja kuchukua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote anayenishikia."

Onesmus akacheka kidogo, kicheko kikafa. Akamvuta pembeni, lakini watu wa foleni walishageuza shingo.

"Madam amekuambia nini?"

"Yote. Iko wapi, Onesmus?"

Akashika kipochi cha kiunoni. Ilikuwa humo. Miezi yote hiyo alitembea nayo.

"Nisikilize, babe. Ningekupa, Disemba ungeenda na usirudi. Nakupenda, nilijaribu kutukamilishia mambo. Nimeshaulizia ubalozi mdogo na tumepata tarehe ya ndoa. Nilitaka iwe surprise."

"Umeniandikisha ndoa kabla sijajiandikisha kura?"

"Si tunapendana?"

"Mimi nakupenda," Damaris alisema, na ilikuwa kweli. "Usiku nalia nikidhani nimefungwa na mwajiri, kumbe nimefungwa na mtu ninayemwombea. Swali la tatu linasemaje?"

"Damaris, watu wanaangalia."

"Wewe si husoma mbele yao? Linasemaje?"

Onesmus akatazama foleni. "Mke na mume ni sawa ndani ya ndoa."

"Unaamini?"

"Naamini."

"Basi leta yako nikushikie mpaka Disemba."

Mkono wa Onesmus ukaenda mfuko wa nyuma wa suruali, alimoweka pasipoti yake, ukaufunika na kubaki hapo.

"Yangu? Aii, yangu naihitaji. Kazini wanaweza kuuliza wakati wowote."

Dada mmoja kwenye foleni akaguna. Onesmus akautazama mkono wake mwenyewe, akaona ulipo, na aibu ikampanda usoni. Akafungua kipochi, akampa Damaris pasipoti yake.

Damaris akaenda mwisho wa foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika akajiandikisha.

Wakiwa njiani kurudi, simu ikatetema.

"Nisamehe. Nimekosea sana. Ile tarehe bado ipo."

Akaandika: "Ifute. Kisha uniulize, na ujiandae kusikia hapana."

"Na nikiuliza?" Onesmus akajibu.

Damaris akaitia simu mkobani. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma. Gari likaingia getini, na geti likafungwa nyuma yao kama kawaida. Bi Zuwena alikuwa barazani.

"Umeipata?"

"Nimeipata, madam."

"Alhamdulillahi. Haya, lete nikuwekee kwenye sefu, isije ikapotea tena."

Akanyoosha mikono kwa upole wa mama kabisa. Damaris akaitazama mikono ile, akaishika pasipoti vizuri zaidi.

"Asante, madam. Nitakaa nayo mwenyewe."

Akapita na pasipoti yake, akaenda jikoni kuchambua mchele. Bi Zuwena akabaki barazani, mikono bado iko wazi.