Neno Lisilodakwa

Lifti ya jengo lile asubuhi haina adabu. Watu hujisukuma humo utadhani kuna kitu kinagawiwa bure. Ndimo kiwiko cha dada mmoja mwenye gauni la kijani kilimopiga miwani ya kijana mmoja ikaanguka, na kabla hajainama kuiokota, kiatu cha mtu mwingine kikaimaliza.

"Jamani, pole kaka yangu! Unaniona lakini?"

"Naona kijani tu," kijana alijibu. "Ila ni kijani kizuri."

Wote wawili walishuka ghorofa ya sita. Kijana alikuwa anaanza kazi siku hiyo, na dada yule ndiye aliyepangiwa kumfundisha. Mpaka miwani mpya ilipopatikana, alikaa naye bega kwa bega akimsomea kila kilichotokea kwenye kompyuta. Jina la Miwani likamganda kijana. Dada mwenyewe wote walimwita Fundi, kwa sababu aliiundia ofisi programu ya kurushiana maandishi. Haikuwa na picha wala madoido. Ulifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ukaandika *tupa* na jina la mwenzako, kisha maneno yako. Naye akiandika *daka*, yanamtokea, na akishayasoma yanafutika.

"Kwa nini yafutike?" Miwani aliuliza.

"Kwa sababu nyie mnaacha maneno ya siri yamezagaa kama soksi."

Programu ilikusudiwa kazi, lakini haukupita muda wawili hawa wakawa wanatupiana mengine. "Umependeza leo, ila usigeuke, bosi anaangalia." Fundi anadaka, anabana kicheko, anajibu: "Chapa kazi, mpenzi, macho hayalipwi mshahara." Wenzao walisikia kibodi zikilia wakadhani watu wana bidii.

Kisha Miwani akaitwa kwa bosi. Tawi la ng'ambo lilitaka mtu wa kukaa miaka mitatu, kushika nafasi ya mwenzao aliyeomba kurudi kwa sababu mwanawe alikuwa mgonjwa huku nyumbani. Jibu lilitakiwa kesho yake. Miwani alirudi mezani, akakuta kiti cha Fundi kitupu. Akadhani amechelewa tu. Akafungua dirisha jeusi, akamtupia: "Wananipeleka mbali. Mimi nataka kubaki nikuoe. Ukinitaka niambie, nisitie saini. Ukinyamaza nitaelewa."

Mwanaume mzima, simu anayo mfukoni na mdomo anao, anachumbia kwenye dirisha jeusi! Lakini ndiko walikozoea kuambiana ya moyoni, na ana kwa ana aliogopa.

Kesho yake akatazama kama neno lake bado linasubiri. Halikuwepo. Basi amelisoma, akasema moyoni. Hakujua kuwa juzi tu Fundi alikuwa ameongeza sheria, na hajamwambia mtu: neno ambalo halikudakwa linafutika lenyewe ofisi ikifungwa.

Akapiga simu.

"Haloo, mpenzi," Fundi alinong'ona. Nyuma yake magurudumu ya kitanda yalikuwa yakikwaruza sakafu.

"Huna la kuniambia?"

"Ninalo, tena zito. Ila si kwa simu. Nivumilie."

"Zuri au baya?"

"Baya, Miwani. Nitakupigia."

Mama yake alikuwa ameanguka bafuni, upande wa kulia umepooza, na Fundi ni mtoto wake wa pekee. Aliogopa kwamba akilitamka, atalia mbele ya mgonjwa. Miwani yeye alisikia kukataliwa. Aliingia kwa bosi, akatia saini, na siku hiyo hiyo mwenzao wa ng'ambo akaambiwa afunge mizigo. Fundi alipompigia baadaye, hakupokea. Moyo ulimuuma, na kiburi nacho kilikuwepo.

Hata hivyo hakuweza kuondoka bila kuaga. Siku ya safari alifika nyumbani kwa kina Fundi, koti mkononi, teksi ikimngoja nje. Fundi alifungua mlango amevaa kanga iliyolowa maji. Nyuma yake, sebuleni, mama alikuwa amelazwa kitandani, mdomo umepinda.

"Mama anaumwa na hukuniambia?"

"Na wewe unaondoka na hukuniambia? Nimeambiwa na mlinzi wa ofisini!"

"Nilikutupia neno, ukalisoma, ukanyamaza."

"Nililisoma wapi? Jana ndiyo nimetia mguu ofisini kuomba ruhusa. Nikaandika *daka*, hakuna kitu."

Kisha akakumbuka sheria yake, akashika ukuta. "Nimelifuta mwenyewe," alisema. "Lilikuwa linasemaje?"

"Nilikuomba unikubali nikuoe, nibaki."

Fundi alilia bila kuficha uso. "Ningekubali kabla hujamaliza kuandika."

"Basi nirudi niwaambie nimeghairi."

Fundi alitaka kusema ndiyo. Mungu anajua alivyotaka. "Na yule mtoto wa mwenzetu?" akauliza. "Ameshaambiwa baba yake anakuja."

Miwani akamshika mkono. "Twende wote, basi."

Fundi aligeuka akamtazama mama, na Miwani akajuta kusema.

"Nisubiri, Fundi wangu. Miaka mitatu tu."

"Usinipe ahadi. Kila nitakapomgeuza mama kitandani nitakuwa naihesabu. Nenda, mpenzi. Ukipiga nitapokea."

Walikumbatiana mlangoni mpaka dereva akapiga honi.

Fundi aliporudi ndani, mama alimwita kwa ulimi mzito. "Nani yule?"

"Mtu wa kazini, mama."

"Wa kazini... ndiyo unalia hivyo?"

Fundi alipiga magoti, akalaza kichwa kwenye ule mkono ambao bado ulikuwa na nguvu. "Ndiye niliyetaka kukuletea, mama."

Mama alimpapasa nywele taratibu, na nje teksi ikawashwa, ikaondoka.