Paa Lisiloezekwa kwa Ulimi

Mwaka ulikuwa 1957, siku chache kabla ya mvua za masika. Kila asubuhi Ndila, mwanafunzi wa darasa la sita, alifagia kizingiti cha shule yao, iliyopakana na mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika, kisha akatazama juu. Paa lilikuwa jipya. Mabati yake, hata hivyo, yalikopwa mjini Thika, na mwenye duka alikuwa ameapa kuyang'oa asipolipwa kufikia Jumamosi.

Wazazi walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Bwana Kitheka, babake Ndila, aliwaongoza Waongezaji, waliotaka mchango wa shule upandishwe. Bwana Gichuru aliwaongoza Wapunguzaji, waliodai kwamba mchango ukishushwa, wengi zaidi watalipa. Walisutana mwaka mzima, nalo deni halikupungua hata senti moja.

Ndila aliwadharau watoto wa Wapunguzaji. "Baba zenu wanapenda kivuli wasichotaka kukilipia," aliwaambia kisimani.

Ijumaa mkutano ukaitishwa. Kwa kuwa wazazi wengi hawakujua kusoma, ilikuwa desturi ya shule hiyo mwanafunzi asome daftari la michango mbele ya watu wote. Mwalimu mkuu, Bwana Nzomo, alimkabidhi Ndila daftari.

"Hawa wanatutoza kana kwamba jasho letu ni lao," Gichuru alilalamika.

"Nanyi ezekeni kwa ulimi," Kitheka akamjibu. "Mnao mrefu wa kutosha."

Watu walicheka. Ndila alianza kusoma. Alipolifikia jina la Gichuru, alisoma polepole, kwa utamu: "Mihula mitatu, hajalipa." Waongezaji wakapiga miluzi.

Akafunua ukurasa. Jina la kwanza lilikuwa la babake. Mihula mitatu, hajalipa. Akasoma jina lililofuata.

"Umeruka mstari," Bwana Nzomo alisema, bila kupandisha sauti.

Ndila alimtazama babake. Kitheka alikuwa akikagua viatu vyake kana kwamba amevinunua siku hiyo. Hapo Ndila alifahamu kwamba babake alijua siku zote kuwa anadaiwa. Akaurudia mstari, akausoma wote.

Gichuru alianza kucheka.

"Unamcheka nani, Bwana Gichuru?" Mwalimu aliuliza. "Mmoja anataka kuongeza asichokitoa, mwingine anataka kupunguza asichokitoa. Debe tupu haliachi kuvuma. Kiasi cha mchango ni jambo la kujadiliwa na watu wenye akili, lakini anayeujadili mfuko wa wote na atie chake kwanza. Kwa midomo yenu tungeezeka shule kumi. Kwa mifuko yenu, hata kiota cha shomoro kingevuja." Akamgeukia Ndila. "Nawe, binti, ukweli unaomsomea mpinzani na kumfichia baba ni fitina tu. Umeusoma mwishowe. Usingoje kuambiwa tena."

Jioni hiyo wazazi wengine, kwa aibu, walileta walichokuwa nacho. Zilibaki shilingi sitini za deni.

Jumamosi asubuhi Gichuru alileta thelathini, akaondoka bila kuaga. Mwenye duka alikuwa amekwisha kufika na ngazi yake. Ndila aliketi mezani na kalamu, akilitazama jina la babake. Ndipo Kitheka akaingia, akitoka mnadani alikouza beberu wake. Hakutoa hotuba. Aliziweka shilingi thelathini mbele ya bintiye, moja baada ya nyingine, akasubiri aandike.