Joto Chini ya Viazi

Saa nane ya mchana ilikuwa haijafika, na jua lilikuwa limeshazama. Ndivyo Desemba ilivyo katika kijiji cha Svanträsk, kaskazini mwa Uswidi. Ukichelewa kidogo kumaliza kahawa, unainua macho na dirisha limeshakuwa jeusi.

Tyra alitoka na ndoo ya maji ya moto ili ayeyushe barafu iliyoubana mlango wa kibanda cha kufulia. Mwanawe Malte, wa miezi saba, alikuwa amelala nje, ndani ya kigari chake chini ya dirisha la jikoni, kafunikwa ngozi ya kondoo hadi kidevuni. Mashavu yake yalikuwa mekundu kwa baridi. Pale ndipo alipolala kila mchana, kama watoto wote wa kijiji, na hakulala vizuri kokote kama pale.

Kabla ya kumwaga maji, Tyra aliinama akanong'ona, "Jihadharini huko chini."

Alisema upesi, kama mtu anavyoomba radhi akimgusa mwenzake dukani. Mama yake alisema hivyo. Bibi yake alisema hivyo. Maji ya moto hayamwagwi ardhini kabla hujawaonya wanaokaa chini. Hakuna aliyeulizwa kama anaamini. Watu walisema tu, kisha wakamwaga.

Mlango ulifunguka, na kelele ikamrukia usoni.

Mle ndani ilikuwamo mashine yake. Haikuzidi boksi la viatu kwa ukubwa, lakini feni zake mbili zililia kama mbwa aliyefungwa nje. Alikuwa ameinunua kwa mtu wa mjini aliyechoshwa na makelele, nayo ilikuwa mashine ya kuchimba bitkoini. Haichimbi udongo. Inabahatisha namba, mabilioni kwa mabilioni, mchana na usiku, na duniani kote anayeotea ndiye anayelipwa. Mwenye kimashine kimoja anaweza kubahatisha hadi azeeke asipate kitu, kwa hiyo Tyra alijiunga na kundi la wachimbaji wadogo wanaogawana makombo. Makombo hayo hayatumwi mpaka yafike kiwango fulani. Yake yalikuwa hayajafika bado.

Mumewe Sixten, dereva wa lori la magogo, alimwita tajiri. Kila jioni akivua mabuti alimuuliza tajiri kama leo wamechimba mkate mzima au ganda lake. Tyra alicheka naye, lakini maneno yalimchoma. Tangu ajifungue, kila alichofanya kilikuwa cha mtu mwingine. Mashine ile tu ndiyo ilikuwa yake. Na Sixten alikuwa amesema, nusu kwa utani, kwamba isipolipa kufikia asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Lusia, anaipeleka jalalani.

Lusia ilikuwa kesho.

Tabu ya mashine hizi ni joto. Mwanzoni ilichemka mle kibandani na kujizima yenyewe, mara tatu kwa siku. Ndipo Tyra akafunga bomba la bati laini nyuma ya feni, akalipitisha ukutani, akaliingiza kwenye tundu la hewa la ghala la viazi. Ghala lile lilichimbwa ndani ya kilima cha uani na watu waliokufa zamani. Joto lingeshuka, viazi visingeganda, na mashine ingepoa. Alijisifu moyoni kwa akili hiyo.

Siku alipoiwasha na joto likaanza kushuka, hakunong'ona neno. Upepo si maji.

Alipotoka kibandani siku ile, mwanamke alikuwa amesimama karibu na kigari.

Mfupi. Sketi ya sufu ya kijivu, kitambaa kichwani. Uso wake ulikuwa mwekundu upande mmoja, kama wa mtu aliyekaa mno karibu na tanuri. Alinuka ng'ombe. Na nyuma ya harufu ya ng'ombe kulikuwa na nyingine... nywele zilizobabuka.

Alimwamkia Tyra kwa adabu, akamwita mama mwenye nyumba. Tyra alidhani ni mmoja wa wale waliohamia ng'ambo ya ziwa. Aliona haya. Akajua ni kelele ya mashine imemleta.

"Nina shida ndogo tu," mwanamke alisema kwa sauti ya chini. "Zima moto wako. Nina mtoto mchanga, na joto linamwangukia usoni."

"Moto gani, dada?"

Mwanamke aliinua kidevu kuelekea kibandani.

Tyra aliitazama simu yake. Makombo yalikuwa yamekaribia kiwango, yamebakiza kidogo sana. Kama mashine haitalala, yangefika kabla ya alfajiri.

"Kesho asubuhi nitaizima," alisema. "Naahidi. Ni usiku mmoja tu."

"Usiku mmoja."

"Labda umhamishie chumba kingine."

"Ana siku tisa," mwanamke alisema. "Kwetu hahamishwi mpaka zifike kumi."

Tyra alirudia kwamba ni kesho asubuhi, na akatabasamu lile tabasamu analolitoa mtu anayetaka mgeni aondoke. Mwanamke akageuza uso, kwa mara ya kwanza, akakitazama kigari.

"Wako analala kwenye baridi."

"Amezoea."

"Eeh," alisema mwanamke. "Huzoea."

Akaenda zake nyuma ya kilima cha viazi. Tyra alisubiri amwone akitokea upande wa pili.

Hakutokea.

Asubuhi ya Lusia simu ililia kabla ya mapambazuko. Malipo yalikuwa yameingia. Sixten alipiga hesabu akasema yanatosha pakiti moja ya kahawa, isiyo nzuri, akacheka hadi akakohoa, kisha akambusu mkewe na kukiri kwamba ameshindwa. Tyra alipika uji huku akiimba. Aliwapigia dada zake wawili. Alimbeba Malte akacheza naye jikoni, na mchana akamlaza nje kama kawaida.

Ahadi yake aliikumbuka alipokwenda kuchukua viazi, na giza lilikuwa limeshaanza kushuka.

Alipofungua mlango wa ghala, joto lilimpiga kama la kiwanda cha mikate. Viazi vya juu vilikuwa vimeiva, vimepasuka maganda. Kulikuwa na ile harufu. Aliifuata kwa tochi hadi kwenye kona, pale mdomo wa bomba ulipoelekea, akaona nyasi kavu zimepangwa kwa mviringo. Juu ya nyasi kulikuwa na kipande cha kitambaa cha kijivu. Ndani ya kitambaa, kitu kidogo, cheusi, kimejikunja kama mzizi uliokauka.

Kilikuwa na vidole.

Na vidole vilikuwa na kucha.

Kindi, Tyra alijiambia. Kindi amenaswa, masikini. Alisema hivyo mara nyingi, kwa sauti, huku akikichota kwa koleo pamoja na nyasi zake. Alikitupa kwenye lundo la mboji nyuma ya nyumba, akakifukia theluji kwa mguu. Kisha akaingia kibandani na kuizima mashine.

Feni zilipunguza mwendo... zikasimama.

Kimya kilichofuata hakikuwa kizima. Ndani ya bomba, mbali chini, mtoto alikuwa analia.

Tyra alikimbilia kigari. Mtoto alikuwamo, macho wazi, hatoi hata pumzi ya sauti. Akamnyakua, akarudi naye kibandani, akatega sikio. Mama hafundishwi kilio cha mwanawe. Aliyekuwa analia chini alikuwa Malte. Aliyekuwa mikononi mwake alikuwa anamtazama.

Halafu sauti ya mwanamke ilipanda kupitia bomba, bila hasira yoyote.

"Mlee kwa joto lako, mama mwenye nyumba, kama ulivyonilelea wangu."

Alfhild, mama yake Sixten, alifika jioni hiyo na mikate ya zafarani kwa ajili ya sikukuu. Alimkuta mkwewe amekaa sakafuni, mtoto kamweka mbali naye. Alimwinua mtoto, akamnusa shingoni. Hakusema alichonusa. Aliuliza tu kama Tyra alionya.

"Kwa maji naonya kila siku, mama."

"Na upepo?"

"Upepo, mama?"

"Upepo wa moto, mwanangu. Unadhani wao huungua kwa maji peke yake?"

Alieleza dawa ya zamani, kwa shida, kama mtu anayesema jambo la aibu. Wa chini wakichukua mtoto wako na kukuachia wao, huyo anatendewa vibaya. Anachapwa kwa ufagio, analazwa njaa. Mama yake wa chini hawezi kuvumilia. Anakuja mbio na kumrudisha wa kwako. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hata wa kule.

"Mwanawe amekufa," Tyra alisema. "Nimemtupa kwenye mboji."

Alfhild aliweka kikombe mezani polepole sana.

"Basi huyu," alisema, "hana wa kumjia."

Walikwenda na taa kwenye lundo. Hakukuwa na kitu, ila tundu katika theluji, jembamba, lenye kingo zilizoyeyuka.

Sixten aling'oa mawe ya sakafu ya ghala kwa mtaimbo usiku kucha. Chini ya mawe kulikuwa na changarawe iliyoganda. Alitega sikio kwenye bomba kwa sababu mkewe alimsihi, na alisema anasikia upepo. Alimpeleka Tyra kwa daktari. Daktari alikuwa mpole, akampa vidonge, akasema wazazi wapya huchoka. Alimpima mtoto pia. Alisema ni mtoto mzuri, mtulivu.

Siku ya tatu baridi ilishuka hadi ishirini na saba chini ya sifuri, na kilio cha chini kikaanza kufifia. Kilikuwa sasa kama cha paka mchanga. Tyra alikwenda kibandani peku akaiwasha mashine. Baada ya muda kilio kikawa kunung'unika, na kunung'unika kukawa pumzi za usingizi.

Saa moja baadaye ikaja kelele ya mtoto anayeungua.

Akaipunguza mashine kasi. Kelele ikakoma.

Akajifunza hivyo. Digrii kumi, kasi hii. Digrii ishirini, kasi ile. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, ongeza kidogo. Alihamishia kiti kibandani na kukaa mkono juu ya bomba, kama mtu anayepima homa. Makombo yaliendelea kuingia kwenye simu na hakuyatazama. Sixten hakumwita tena tajiri.

Yule wa ndani alilelewa na Alfhild, ambaye hakurudi tena kwake. Alikula kila alichopewa, na mizani haikusogea. Alfhild alisema mtoto ni mtoto, akamfumia soksi. Lakini usiku alijifungia chumbani kwa ufunguo.

Katikati ya Januari ujumbe ulikuja kutoka kwa watu wa umeme. Alhamisi wangebadilisha nguzo kando ya ziwa. Umeme ungekatika saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Watabiri wa hewa walikuwa wametaja digrii thelathini na nne chini ya sifuri.

Tyra alipiga simu. Kijana aliyepokea alimsikiliza kwa huruma, akamuuliza kama kuna mtu nyumbani ambaye maisha yake yanategemea umeme.

"Mtoto wangu."

"Yupo hospitali au nyumbani, mama?"

Tyra alikitazama kilima cha viazi dirishani.

Kijana akamshauri waende kwa jirani mwenye jiko la kuni, wamvishe mtoto vizuri. Nyumba yao, kama nyingi pale, ilipashwa joto kwa umeme mtupu.

Alhamisi Sixten alikuwa barabarani na lori. Alfhild alikuwa ameteleza juzi na kuvunjika mkono; alilazwa mjini. Saa mbili kamili taa zilizimika, na kule kibandani feni zikalegea... zikakata roho.

Tyra alikuwa tayari. Alilivua bomba kutoka kwenye mashine, akaingiza blanketi la kwanza, akalisukuma kwa mpini wa ufagio. Lilikwama. Kisha kitu kule chini kikalishika, taratibu, kikalivuta.

Alilia kwa furaha. Akaleta la pili, likavutwa. Akaleta sweta za Sixten, shali yake ya harusi, soksi zote. Akarudi ndani kwa mara nyingine, akasimama chumbani. Kilichobaki kilikuwa kitandani kwa yule mtoto, ngozi ya kondoo na vilivyokuwa chini yake. Mtoto alimtazama akivichukua kimoja kimoja. Pumzi yake ilishaanza kuonekana hewani.

Navyo vikavutwa, vyote, hadi bomba likawa tupu.

Tyra aliweka sikio. Chini kulikuwa kimya. Alijiambia amelala, amepata joto. Alikaa hivyo kwa saa moja, mbili, tatu, shavu likigandia kwenye bati, akisubiri pumzi.

Ndipo kilio kikaanza.

Kilikuwa cha Malte. Hakuna mama ambaye angekosea. Kilikuwa kinamwita, kwa nguvu zilizobaki, kwa sauti iliyokuwa inapungua kila mara... na hakikutoka chini. Kilitoka nyuma yake, ng'ambo ya uwanja, kwenye dirisha la nyumba.

Tyra alikandamiza sikio kwenye bomba zaidi.

"Nyamaza wewe," aliiambia nyumba, bila kugeuka. "Nyamaza nimsikie mwanangu."