Simu Mpya ya Don Hermilo

"Rudisha ndoo yangu!"

"Ndoo gani? Kwani barabara hii ni ya baba yako?"

"Don Hermilo, nimesema rudisha! Hapo ni mahali pa gari la Rutilio!"

"Gari lipi? Rutilio yuko Chicago, hata kukupigia simu hapigi! Unamwekea mzimu nafasi, we mama!"

Madirisha yalifunguka mtaa mzima. Hata muuza gesi alizima kipaza sauti chake.

Hapa kwetu Atlixco, Mexico, kila mtu huweka kitu mbele ya nyumba ili kushika nafasi ya gari. Mmoja kiti kibovu, mwingine tairi. Doña Cuca, yaani Bi Cuca, aliweka ndoo aliyoijaza saruji, na mpini wa ufagio umesimama katikati. Mwanawe Rutilio aliondoka na gari kwenda kaskazini, ndoo ikabaki inamngoja. Sisi majirani tunasema kila kitu kuhusu kila mtu, lakini ndoo ile hatukuwahi kuigusa kwa mkono wala kwa mdomo.

Na Don Hermilo ndiye angekuwa wa mwisho kuigusa. Alikuwa mtu mpole. Alifanya kazi kwenye vitalu vya maua maisha yake yote, na alizungumza na watu kama anavyozungumza na miche. Lakini asubuhi hiyo alikuwa anatetemeka. Shati lilikuwa limelowa jasho, ingawa baridi ya asubuhi ile ya mwisho wa Oktoba ilikuwa bado haijaisha. Maneno yalimgongana mdomoni.

"Kalewa," mtu alisema dirishani. "Tangu Amparo afariki, mgane wa watu ameoa chupa."

Doña Cuca alimsogelea ili amtukane vizuri, kwa karibu. Akafika. Akanusa. Hapakuwa na harufu ya pombe. Akamtazama machoni, akaona macho yanayomtazama bila kumwona. Marehemu mume wake alikuwa na kisukari. Macho hayo aliyajua.

"Hermilo, umejichoma insulini leo?"

"Nimejichoma. Usinisogelee."

"Na umekula?"

Don Hermilo aligeuza uso pembeni.

Doña Cuca alikimbia ndani kwake. Alirudi na chupa ya soda ya tufaha, ile yenye sukari.

"Kunywa."

"Sitaki vyako."

"Kunywa, mzee, halafu tutaendelea kugombana."

Alikunywa. Doña Cuca akamkalisha ukingoni mwa barabara, kando ya ndoo.

"Simu inasema niko sawa," Don Hermilo alisema kwa sauti ndogo. Akaitoa mfukoni. Ilikuwa simu mpya, inang'aa. Kwenye kioo ilionekana namba: 118.

Mkononi, juu ya kiwiko, Don Hermilo alikuwa amebandikwa sensa. Ni kidude kidogo cha duara. Hupima sukari usiku na mchana, kisha huituma namba kwenye programu ya simu. Sukari ikishuka sana, simu hupiga kengele. Lakini asubuhi hiyo simu haikupiga chochote.

Doña Cuca hakubishana na simu. Aliingia jikoni kwa Don Hermilo, akaleta ile mashine ndogo ya zamani, ya kupima kwa tone la damu. Akamchoma kidole.

Namba ilikuwa 52, sukari ya chini mno.

"Simu yako inadanganya," alisema.

Walikaa hapo robo saa, kisha akampima tena. Sukari ilikuwa inapanda. Akampa mkate. Don Hermilo alikula huku ameinamisha kichwa.

"Yale maneno ya Rutilio..." alianza.

"Ni sukari iliyosema."

"Nusu yake ni mimi."

"Najua," alisema Doña Cuca. "Tafuna."

*

Kwenye zahanati, nesi Zenaida aliigeuza ile simu mkononi.

"Umeipata wapi?"

"Binti yangu Irasema kaninunulia. Yuko New York. Aliituma na mbeba vifurushi, pamoja na viatu."

"Na programu ya sukari uliiweka mwenyewe?"

"Niliiweka. Ilikubali kuingia."

"Kukubali kuingia si kufanya kazi, Don Hermilo. Programu hii haiendi na kila simu. Watengenezaji wake huijaribu kwenye aina fulani za simu, na kwenye mfumo fulani wa simu. Nimeangalia kwenye tovuti yao. Simu yako ni mpya mno. Bado hawajaijaribu."

"Kwa hiyo mpya ni mbovu kuliko ya zamani?" Doña Cuca aliuliza.

"Si mbovu. Haijapatana na sensa, basi. Zinaanza kuongea, kisha mawasiliano yanakatika. Tazama hapa, chini ya namba, kwa maandishi madogo. Hii 118 ni ya jana. Imeganda. Kengele nayo imekuwa bubu. Na Irasema kule aliko haoni kitu."

Don Hermilo aliinua kichwa.

"Haoni?"

"Haoni. Programu ndiyo inayompelekea namba zako, sivyo? Tangu ubadilishe simu, hata zile chache zinazokufikia wewe hazimfikii."

Don Hermilo aliichukua simu kutoka kwa nesi, akayatazama yale maandishi madogo. Sisi tuliomwona wiki zile tungeweza kumwambia nesi jinsi alivyoishi. Zamani Irasema alikuwa anapiga kila sukari ikicheza. "Baba, umekula nini? Baba, mbona imepanda?" Siku moja mzee alichoka, akamkaripia: "Usinihesabie kila tortilla ninayokula!" Muda si mrefu, kifurushi kikaja. Mzee alipiga simu moja ya kushukuru, kisha akaanza kutumia simu mpya. Na simu ikanyamaza.

Akaona amemchosha mtoto. Akasema, anayenijali atanipigia. Akawa anakula amesimama jikoni, bila sahani. Baadaye hata kula akawa anasahau. Jioni alikuwa anaiweka simu mezani mbele yake, anaitazama kama mtu anayengoja mgeni.

"Mpigie," Doña Cuca alisema.

"Yuko kazini."

"Mpigie, au nampigia mimi, na nitamwambia yote."

Irasema alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Baba? Kuna nini? Baba!"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ni simu tu."

"Mimi nilidhani umenifungia nisione. Ulisema nisikuhesabie. Nikasema nisimsumbue, ataniita mwenyewe."

"Na mimi nilidhani umechoka."

Upande wa pili wakasikia binti analia, na nyuma yake kelele za sahani za mgahawa anakofanya kazi.

Nesi Zenaida alijifanya anapanga dawa kabatini. Alipomaliza kupanga dawa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, aliuliza:

"Simu ya zamani iko wapi? Ile ilikuwa inapatana na sensa."

Don Hermilo alitazama sakafu.

"Iko kwa Amparo."

"Kwa marehemu?"

"Kwenye madhabahu niliyomwandalia kwa Siku ya Wafu. Kati ya picha na mkate wa wafu. Humo ndani mna sauti yake. Ananiambia ninunue kitunguu."

Hakuna aliyecheka.

"Asubuhi nilikuwa namtandazia njia ya petali," aliendelea, akimgeukia Doña Cuca. "Kutoka barabarani hadi mlangoni. Apate kuiona nyumba, wafu wakirudi kututembelea. Ndoo yako ilikuwa katikati ya njia."

Doña Cuca aliirekebisha shali yake mabegani, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Amparo akija," alisema mwishowe, "akakukuta umeanguka jikoni, na simu nzima anayo yeye, atakusemaje?"

"Atanitukana."

"Basi kaichukue."

"Sauti haitapotea," nesi alisema. "Nitakuonyesha namna ya kuihifadhi mahali pa pili."

*

Kesho yake Don Hermilo alirudi zahanati na simu ya zamani na sensa mpya ndani ya boksi lake. Nesi alimbandika, akaianzisha sensa kwa simu ile ile ya zamani. Kisha akamweleza polepole, na Doña Cuca akasikiliza kuliko mgonjwa.

"Usibadilishe simu kabla ya kuniuliza, au kuuliza watengenezaji. Simu ikikuomba kusasisha mfumo wake, usikubali upesi. Kwanza tujue kama programu itaendelea kufanya kazi. Bluetooth isizimwe. Programu iruhusiwe kupiga kengele hata simu ikiwa kimya. Ukiweka simu kubana chaji, hakikisha haiilazi programu hii."

"Na ikidanganya tena?"

"Mwili wako ukisema kitu na simu ikisema kingine, choma kidole. Mashine ndogo isikae mbali nawe. Ukitetemeka, ukitokwa jasho, ukimchukia kila mtu bila sababu, kunywa kitu chenye sukari. Na ninyi majirani, mkimkuta hajitambui, msimtie kitu mdomoni. Iteni gari la wagonjwa."

Kisha akauliza: "Mbali na Irasema, namba zako apelekewe nani? Mtu aliye karibu."

Don Hermilo alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mno kwa mtu aliyeishi mtaa mmoja maisha yake yote.

"Hakuna," alisema.

"Niandike mimi," Doña Cuca alisema, tayari ameshatoa simu yake kwenye mkoba. "Lakini kwanza angalia kama yangu inapatana."

Ilipatana.

*

Siku ya Wafu, adhuhuri, kengele ya simu ililia. Don Hermilo alikuwa mbele ya madhabahu, anabadilisha maua. Akatazama: 68, na mshale unaelekea chini. Alikuwa bado hajamaliza kumimina juisi pale Irasema alipopiga.

"Baba, kunywa!"

"Nakunywa, mwanangu. Nakunywa."

"Na ule baadaye! Umekaa?"

Mlango ulianza kugongwa kwa ngumi.

"Hermilo! Umeshakunywa kitu?"

"Nimekunywa! Ninyi wanawake mtanivunjia mlango!"

Alisubiri sukari ipande, akachoma kidole ili kuhakikisha, kisha akafungua. Doña Cuca alikuwa amesimama na aproni, mikono ina mchuzi mzito wa mole hadi kwenye vifundo. Nyuma yake njia ya petali za rangi ya chungwa ilitoka barabarani hadi kizingitini, moja kwa moja, bila kukatika. Ndoo ilikuwa imesukumwa ukutani.

Don Hermilo aliitazama ndoo.

"Na Rutilio akija na gari?"

"Akija, atapiga honi," Doña Cuca alisema. "Nimepakua sahani mbili, moja ya Rutilio, kwa mazoea. Njoo kwangu ule, kabla chakula hakijapoa."