Mlango wa Wodi ya Tatu

"Dada, hapa umekosea. Hapa pana mlango."

Ilikuwa saa sita mchana na duka la kuchapia ramani lilifurika watu, mashine zikinguruma, kila mteja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Msanifu majengo, ambaye ofisini walimwita Rula kwa jinsi alivyochukia kitu kilichopinda, aligeuka. Mwanamume mrefu, shati lake la bluu limenyooshwa kwa pasi na nyusi zake zimejaa vumbi la mbao, alikuwa ameinamia ramani yake pale kaunta kana kwamba ameitwa.

"Kaka, jengo hilo nimelipima siku nne. Huo ni ukuta mtupu."

"Gonga plasta, kisha uniambie."

"Umejuaje?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mdomoni tu. "Niliwahi kukaa humo wiki sita. Mimi ni seremala. Ukiupata, nipigie nikutengenezee." Akaandika namba yake ya simu pembeni mwa karatasi, akaondoka.

Jengo lenyewe lilikuwa hospitali kuukuu iliyofungwa, sasa inageuzwa maktaba. Kesho yake Rula aliingia wodi ya tatu. Namba za vitanda bado zilionekana ukutani, moja mpaka kumi na mbili, na harufu ya dawa ilikuwa imegoma kuhama. Akagonga ukuta wa mwisho. Ukaitika kwa sauti ya kitu kilicho tupu ndani. Mafundi walipobandua plasta na kutoa matofali, ukatokea mlango wa mbao, mpana kuliko yote mle ndani. Rula akafurahi kama mtoto. Akachora upya: huo ndio uwe mlango mkuu wa maktaba. Kisha akampigia seremala.

Kazi iliwakutanisha, simu zikamalizia.

"Umekula, au umetafuna penseli tena?" seremala angeuliza.

"Nimekula maneno yako ya asubuhi. Bado nimeshiba," Rula angejibu.

"Sukari itakupanda, mpenzi."

"Ikipanda utanibeba wewe."

Hata hivyo, wodini seremala alikuwa mtu mwingine. Aliutengeneza ule mlango kwa upole wa ajabu, lakini hakupita hapo hata mara moja. Alizunguka jengo zima kwa nje. Siku moja Rula, amependeza katika gauni la njano, alimwomba amshikie utepe wa kupimia kwenye ukuta wenye namba saba. Seremala akauachia utepe ukaanguka.

"Mwite mwingine," alisema, akatoka.

Alasiri moja Rula alikuja bila kutoa taarifa, akasikia sauti ya seremala ikitoka wodini. Ilikuwa ya chini, ya kubembeleza.

"Mpenzi wangu, usinikasirikie. Wiki hii nimechelewa kuzungumza nawe. Kuna mtu nimempata. Sijui nikuelezeje."

Rula akarudi kinyumenyume mpaka nje. Kumbe anaye mwingine! Kumbe yeye ndiye anayefichwa!

Simu iliita mara kumi na moja siku ile. Ya kumi na mbili akaipokea.

"Nimekosa nini, malkia wangu?"

"Muulize uliyekuwa ukimbembeleza wodini."

Rula alingoja akane. Alitamani akane.

"Kumbe ulisikia," seremala alisema hatimaye. "Hilo siwezi kulieleza kwenye simu."

"Basi usilieleze kabisa." Akakata.

Siku ya tisa baada ya simu ile, mama mmoja mzee, mtandio mweupe kichwani, aliingia ofisini akaketi bila kukaribishwa.

"Mimi ni mama mkwe wa seremala."

Rula akaweka penseli chini. "Kwa hiyo ana mke."

"Alikuwa naye. Binti yangu alifia kitanda cha saba, huu ni mwaka wa sita. Huyu mkwe wangu alilala sakafuni kando yake wiki zote sita. Na mlango ulioufufua ndio tuliopitishia maiti yake." Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Tangu hapo anazungumza na ukuta wa kitanda kile. Alipokujua wewe, mwanangu, akaanza kucheka mpaka nyumbani kwangu. Mtoto mmoja nimeshamzika. Huyu usiniache nimzike akiwa hai."

Rula hakulala kitandani usiku ule. Alilala juu ya meza ya kuchorea. Asubuhi alimkuta seremala wodini akipiga randa, akamkunjulia ramani mpya. Pale penye mlango palikuwa na ukuta.

"Nimeuziba. Sikujua. Nisamehe."

Seremala aliitazama sana, kisha akaikunja taratibu. "Usiuzibe. Miaka sita nauzunguka mlango huu, na kila siku namwona akitoka hapa peke yake. Acha watoto waingie wakigombania vitabu. Labda nitaona kitu kingine."

"Ulikuwa ukimwambia nini siku ile?"

"Habari zako."

"Akajibu?"

"Hajawahi kujibu, Rula. Hilo ndilo lililokuwa likinitia wazimu."

Walikaa sakafuni bega kwa bega. Upepo ulipita dirishani, na wote wawili wakageuka kutazama kama kuna aliyeingia, kila mmoja akamwona mwenzake ametazama.

"Nataka kukuoa," alisema seremala. "Lakini nitamtaja. Mezani, usingizini, popote. Utaweza?"

"Siku zote, sitaweza. Nyingine nitanuna. Kumwonea wivu marehemu ni aibu, lakini nitamwonea."

"Nuna. Nitakungoja utulie."

"Basi ukimtaja, mtaje nikiwepo. Si ukutani." Akamshika mkono. "Anaitwa nani?"

Seremala akamwambia. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu msiba kulitamka jina lile kwa mtu aliye hai. Rula akalirudia polepole, mara mbili, asije akalikosea siku nyingine. Kisha akasema, "Nimekubali."